Mwalimu Anazunguka Ukuta

3 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza leo. Chumba cha panya kinanuka unyevu na maranda mabichi. Daftari hili ni la maabara, lilimwagikiwa maji kurasa za mwanzo, na Profesa akaniambia nilitupe. Nimekuja nalo nyumbani. Kwa nini, sijui. Labda kwa sababu miaka tisa naandika habari za panya na sijawahi kuandika zangu.

Leo tumewachoma sindano panya kumi na wawili. Sita maji ya chumvi, sita dawa namba nne. Mama, ambaye naishi naye, aliwahi kuniuliza dawa hiyo inafanya nini. Nilimweleza hivi: seli za ubongo zina vipokezi, mfano wa tundu la kitasa. Ujumbe ukija ni kama ufunguo, unaingia, mlango unafunguka. Dawa namba nne inawahi kuingia tunduni na kukaa humo. Ufunguo ukifika, hauna pa kuingia. Kisha panya tunamtia kwenye pipa pana la maji lenye kijukwaa kilichofichwa chini kidogo ya uso wa maji. Panya mzima, siku ya tatu tu, anakwenda kwenye kijukwaa moja kwa moja kama anakwenda kwake. Mwenye dawa hajifunzi kitu. Anaogelea kando ya ukuta wa pipa, anazunguka, anazunguka, mpaka nimtoe kwa mkono. Akishatoka majini anatikisa kichwa kushoto, kulia, kushoto, kulia, nami nahesabu na kutia alama kwenye kijisanduku. Ikifika saa kumi jioni dawa imeshamtoka, anakula na kujisafisha masharubu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaani unawafanya wasahau, halafu unaandika kwamba wamesahau."

Sijapata jibu mpaka leo.

5 Machi

Mvua. Panya kumi na wawili.

8 Machi, Jumamosi

Dada yangu amekuja na mumewe na binti yao. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka saba. Anafundisha darasa la pili, lakini jina la Mwalimu tulimpa zamani, alipokuwa na miaka mitano na kuwapanga kuku wa Mama mstari mmoja ili awafundishe kuhesabu. Binti yake wa miaka minne tunamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi.

Mwalimu alikuwa na mafua wiki nzima, na kichwa kinamgonga. Tulipokuwa jikoni akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, jana nimesimama mbele ya darasa nikasahau jina la mtoto wa dawati la kwanza. Nimemfundisha tangu mwaka jana."

Nikamwambia, "Ndio uzee huo. Karibu."

Nilicheka peke yangu.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake, mikono nyuma, hana neno. Huyu mtu ameoa kwetu mwaka wa sita huu na sidhani kama nimesikia sentensi thelathini kutoka kinywani mwake. Ni fundi wa kushona viatu. Nadhani anazungumza na viatu.

14 Machi

Shemeji amepiga simu. Hilo tu lilinishtua. Anasema Mwalimu hajalala siku tatu, ameandika majina ya wanafunzi ukutani kwa makaa, na anasema wanafunzi wanamwita kutoka kwenye bomba la maji. Nilimuuliza, "Mmegombana?" Akasema hapana. Sikumwamini.

16 Machi, Jumapili

Herufi zikinishinda leo, wasomaji watanisamehe, ingawa msomaji ni mimi.

Tulifika kwao mimi na Mama asubuhi. Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni, gauni limelowa, midomo imekauka. Mama alipoinama kumshika, akarudi nyuma mpaka kwenye kabati. "Huyu si Mama," akaniambia. "Wamemtengeneza vizuri, lakini si yeye. Mtazame masikio." Mama alijigusa masikio. Mama yangu, mwanamke asiyeshindwa na neno, akajigusa masikio na kunyamaza.

Chiriku alimkimbilia, na Mwalimu akamsukuma. Hakumpiga, alimsukuma tu, lakini mtoto aligonga meza na kuchanika juu ya jicho. Mwalimu akaitazama ile damu kama mtu anayetazama rangi ya ukuta.

Hospitali walimpokea wodi ya wagonjwa wa akili. Watu wanne walimshika. Daktari wa wodi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alileta karatasi ya kuruhusu afungwe mikono kitandani asije akajiumiza. Shemeji alikuwa nje akimshika mtoto aliyekuwa akishonwa. Nikatia sahihi mimi. Alinitazama wakati natia. Akasema, "Kaka, hata wewe?"

Kwenye korido nikamshika Shemeji shati. Nilihitaji kumshika mtu. Nikamwambia, "Umemfanya nini dada yangu?"

Hakuutoa mkono wangu. Akasema, "Sijui, shemeji. Ningejua ningeacha."

17 Machi

Panya kumi na wawili. Nilikosea kuandika namba mara mbili.

19 Machi

Hawajaturuhusu kumwona. Mvua haijapumzika.

21 Machi, Ijumaa

Leo wameturuhusu, nusu saa. Wamemfungua mikono kwa sababu ametulia, walisema. Si kutulia huko.

Alikuwa anatembea chumbani. Bega lake limegusa ukuta, haliachani nao. Akifika kona anakunja nayo, akifika kitanda anakizunguka na kurudi ukutani. Mdomo unatafuna, na hana kitu mdomoni. Na kichwa: kushoto, kulia, kushoto, kulia.

Mama alikuwa anamsemesha. Mimi nilikuwa nimesimama kimya, na ilipita muda kabla sijatambua ninafanya nini. Nilikuwa nahesabu. Midomo yangu ilikuwa inahesabu na mkono wa kulia unatafuta kalamu mfukoni. Mara kumi na tisa kwa dakika. Ninaijua namba hiyo. Ninaijua kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa.

Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua.

22 Machi

Nimemfuata daktari wa wodi. Nikamwambia dada yangu anafanya kama kiumbe aliyezibwa vipokezi vya ubongo, na kwamba mwendo ule nauona kila siku.

"Wewe ni daktari?"

"Fundi wa maabara."

"Maabara ya nini?"

Nilitamani kusema uongo. "Ya panya."

Hakucheka, namshukuru. Alinishika bega. "Kaka, sote hutafuta maelezo. Nenda kapumzike."

24 Machi, Jumatatu

Kabla ya kazi nimemweleza Profesa. Alinisikiliza akiwa anafuta miwani. Akasema, "Mtu si panya." Niligeuka niondoke. Akasema, "Ngoja. Sijamaliza."

Akafungua kabati, akatoa jarida, akanisomea. Kuna ugonjwa ambao mwili wenyewe unatengeneza kingamwili, wale askari wa kupambana na maradhi, nao wanakosea adui. Wanavishika vipokezi vilevile vinavyozibwa na dawa yetu na kuviondoa kazini. Huwapata zaidi wanawake vijana. Huanza kama mafua, kisha hufanana na wazimu. Wakati mwingine chanzo ni uvimbe kwenye ovari, ndio unaoufundisha mwili kosa hilo.

Nikamuuliza, "Unatibika?"

"Ukiwahiwa, mara nyingi."

"Kuwahiwa ni siku ngapi?"

Akafunga jarida. Ameandika barua kwa daktari wa neva, ukurasa mzima, kwa mkono.

26 Machi

Mwalimu amepata degedege mbele ya Shemeji. Wamemhamishia kwa wagonjwa mahututi.

27 Machi

Daktari wa neva ni mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, anatembea kama amechelewa. Aliisoma barua ya Profesa akiwa amesimama, akairudia, akaagiza Mwalimu atolewe maji ya uti wa mgongo siku ileile. Nikaona kumbe kuna mtu wa kuniamini, na moyo ukafunguka. Kisha akasema kipimo hakifanyiki hapa, sampuli inasafiri.

"Muda gani?"

"Wiki tatu, mambo yakienda vizuri."

"Na yasipokwenda vizuri?"

"Usiniulize hilo, nina kazi."

Dawa za kutuliza kinga ya mwili ataanza kumpa bila kusubiri. Kuhusu uvimbe, kipimo cha tumbo hakikuonyesha kitu, utumbo umejaa hewa. Inatakiwa mashine kubwa ya picha. Mashine kubwa imeharibika. Anasubiriwa fundi.

1 Aprili

Hakuna mabadiliko.

2 Aprili

Hakuna.

4 Aprili

Hafungui macho sasa, au anayafungua na hayaoni. Mkono wa kushoto unajinyanyua wenyewe, unasimama hewani kama wa mwanafunzi anayeomba kujibu, unakaa hivyo dakika kumi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kila siku saa kumi jioni, kabla ya kwenda hospitali, napita kwenye vizimba. Wale sita waliochomwa dawa asubuhi wanaanza kurejea. Mmoja anasimama, ananusa. Mwingine anakumbuka njaa. Wanarejea mmoja mmoja, wote, kila siku, bila kukosa, kwa sababu dawa yetu ina kipimo na ina mwisho. Ini linaivunja, mkojo unaitoa. Kisha nakwenda kukaa kando ya kitanda cha mtu ambaye mwili wake unajichoma sindano wenyewe kila saa. Hakuna wa kumpokonya sindano hiyo.

Zamani nilikuwa sikai kuwatazama wakirejea. Siku hizi nakaa, na najichukia.

9 Aprili

Nimefika mapema, Shemeji hakuniona. Alikuwa anamwogesha Mwalimu kwa kitambaa, kidole kwa kidole, huku anamzungumzia. Nilisimama nyuma ya pazia. Alikuwa anamweleza habari za viatu! Mzee mmoja ameleta kiatu kimoja, cha kulia, cha kushoto hakina shida, kwa nini akibebe. Nyuzi za kahawia zimekwisha. Chiriku amekataa kuchanwa nywele na mtu yeyote, anasema anamsubiri mama yake, ndiye mwenye nywele. Jirani amenunua redio mbaya. Alizungumza bila kupumzika, mtu huyuhuyu wa sentensi thelathini, kwa saa nzima.

Muuguzi akaninong'oneza, "Ni hivyo kila siku. Tunamwita Redio."

Nilimuuliza Shemeji baadaye, nje. Akasema, "Nilimwachia yeye maneno yote, shemeji. Miaka yote alikuwa anaongea yeye. Sasa mmoja wetu lazima aongee."

Nilitaka kumwomba radhi kwa lile shati. Nikamuuliza kama amekula.

11 Aprili

Mkono umenigomea. Nilimshika panya, sindano ninayo, na haikuingia. Si kutetemeka, ulikataa tu. Profesa alichukua bomba la sindano achome mwenyewe. Hajachoma panya miaka mingi, akajichoma kidole. Tulitazamana. Akaifuta ratiba ya wiki kwenye ubao. Nikakaa kwenye stuli mpaka jioni sina la kufanya, na hilo lilikuwa baya zaidi.

13 Aprili, Jumapili

Profesa amekuja hospitali. Alivaa suti. Nilidhani atamuuliza daktari maswali makubwa, atasoma chati, ataona tulichokosa sisi. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono mifukoni. Mkono wa Mwalimu ukanyanyuka hewani. Profesa akaufuata kwa macho mpaka ulipoanguka.

Kwenye ngazi akaniambia, "Miaka ishirini na sita nakiandika kipokezi hiki. Ninajua umbo lake, uzito wake. Sikujua kinafanana hivi."

Nikamsindikiza kwenye gari. Alitoa funguo, akazitazama, akanipa mkono badala ya kufungua mlango, akasahau kwamba tulishaagana. Nilikuwa namheshimu kwa kuwa anajua kila kitu. Leo nimemwonea huruma.

16 Aprili

Majibu yamefika. Ni ule ugonjwa.

Daktari wa neva amenipongeza. Daktari wa wodi amekuja mwenyewe kunitafuta, akaninyooshea mkono, akasema, "Ulikuwa sahihi, nisamehe." Muuguzi amenisifu. Mama alinikumbatia na kulia.

Nikaingia ndani na ushahidi wangu. Mwalimu alikuwa vilevile, bomba la chakula puani, macho nusu, mdomo unatafuna. Nilikuwa nimejidanganya kwamba siku tutakayojua jina la kitu hiki, kitatetereka kidogo. Hakikutetereka.

18 Aprili

Fundi wa mashine hajaja. Barabara imekatwa na maji.

19 Aprili

Hajaja. Mama ameuliza kama mimi siwezi kuitengeneza, si naitwa fundi. Hakuwa anatania.

20 Aprili

Degedege mara tatu. Wamempa dawa ya kumlaza kabisa, na sasa anapumuliwa na mashine.

22 Aprili

Fundi amekuja na buti zenye tope hadi magotini. Jioni picha imepigwa. Uvimbe upo, ovari ya kushoto, ukubwa wa ndimu.

24 Aprili, Alhamisi

Wamemfanyia upasuaji. Shemeji alitia sahihi, akauliza swali moja, kama ataweza kuzaa tena. Daktari akasema ovari ya pili ni nzima. Shemeji akasema, "Basi toeni," kisha akaketi sakafuni kwenye korido, viti vikiwa vitupu.

Baadaye daktari wa neva alitueleza kilichokutwa ndani ya uvimbe. Nywele. Jino moja. Na vipande vya nyama vinavyofanana na ubongo. Mwili uliviona, ukaona si mahali pake, ukavitangazia vita. Na vita vikapanda mpaka kichwani.

Mama aliuliza, "Jino la nani?"

"Lake mwenyewe, mama."

"Na ubongo?"

"Wake mwenyewe pia."

Mama akatikisa kichwa. "Kwa hiyo amejipiga bila kujijua." Daktari alifikiri, akasema yeye asingeweza kueleza vizuri zaidi.

25 Aprili

Hakuna.

29 Aprili

Hakuna.

3 Mei

Hakuna. Wanamsafisha damu kwa mashine, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Daktari anasema vipokezi hurudi polepole. Nimemuuliza polepole ni nini. "Kama nyasi," akasema. "Ukizitazama hazioti." Nikamwambia sina mahali pengine pa kutazama.

7 Mei

Anapumua mwenyewe. Hayo tu.

Nimerudi kuwachoma panya. Mtu anatakiwa kufanya kazi. Profesa amesema ningeweza kuhamia chumba cha hadubini, nikakataa. Jarida alilonisomea liliandikwa kwa sababu kuna mtu mahali fulani aliwahi kuchoma panya na kuhesabu. Hilo silijui kama ni jibu kwa Mama. Nawaomba radhi panya kimoyomoyo, kisha nachoma.

12 Mei

Macho yake yamemfuata muuguzi kutoka dirishani mpaka mlangoni. Shemeji ameapa. Mimi sikuona.

17 Mei, Jumamosi

Tulikuwa wote chumbani. Shemeji alikuwa katikati ya hadithi ya soli za mpira, kwamba siku hizi gundi haishiki, watu wanachanganya na maji. Alikuwa amefika mahali ambapo mteja amerudi kulalamika.

Mwalimu akasema, "Nyamaza."

Sauti ilikuwa kama mlango mkavu. Shemeji alinyamaza mdomo wazi. Mama akapiga magoti palepale. Mimi nilimtazama Shemeji. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, ili atii.

24 Mei

Anakaa kitini. Anashika kijiko. Amenitazama muda mrefu akaniita "Baba". Baba alikufa yeye akiwa darasa la nne. Sikumsahihisha.

28 Mei

Leo ameniita Kaka. Analia bila sababu, anacheka bila sababu, anakasirika haraka sana. Hajui ni mwezi gani. Mara ya mwisho anayokumbuka alikuwa jikoni kwetu akiumwa kichwa. Baada ya hapo hakuna kitu, si giza wala ndoto, hakuna kitu kabisa. Sote tuliokuwepo tutaibeba miezi hiyo maisha yetu yote, na yeye iliyompata hana hata siku moja.

4 Juni

Wamemruhusu aje kwa Mama. Daktari wa neva amesema mwaka, labda zaidi, na kwamba ugonjwa unaweza kurudi kwa baadhi ya watu. "Wangapi?" nikauliza. Ameshanizoea. "Wachache. Na usinihesabie." Darasa lake amepewa mwalimu mwingine.

Mvua imekatika wiki iliyopita, sikuona siku gani.

8 Juni, Jumapili

Chiriku haendi kwa mama yake. Anasimama nyuma ya Shemeji, ameshika suruali yake, anachungulia. Tumembembeleza wote. Leo amemuuliza baba yake, si kwa sauti ya chini, "Huyu naye wamemtengeneza?" Hatukujua alilisikia wapi neno hilo, kisha tukajua. Siku ile alikuwepo.

Mwalimu alisikia. Alikuwa anajaribu kusoma kitabu cha darasa la pili, kidole chini ya mstari, neno kwa neno. Hakulia. Aliendelea na mstari mpaka akaumaliza, ikachukua muda.

Mchana alinikuta naandika. Akauliza ni nini, nikamwambia. Akataka nimsomee. Nilisoma tarehe kumi na sita Machi, nikasoma ishirini na moja, nikasoma tisa Aprili. Sikuruka kitu, hata sahihi yangu. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Aliponisikia nasema Redio alitabasamu upande mmoja wa mdomo, upande mwingine bado haujarudi.

Nilipofunga daftari akasema, polepole, akitafuta kila neno, "Huyo mtu simjui."

"Najua."

"Ninyi mnamjua. Mkinitazama, mnamtazama yeye. Hata mtoto. Mimi nikiinua mkono kuchukua kikombe, Mama anaacha kupumua."

Ni kweli.

"Usiniandike tena, Kaka."

Nimemwambia sawa. Nimemwomba nimalize ukurasa huu. Amekubali, amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu ili asiyumbe, ananisubiri nimalize, na mimi najizuia nisimtazame kichwa.